Mbao za Baraza ya Nje: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Mvua za masika zikianza kupungua, ndipo baraza za mbao zilizojengwa nje ya nyumba hutoa siri zake. Ubao uliokuwa mgumu mwezi Januari hubonyea chini ya kisigino. Nguzo iliyokuwa ikilia ko, ko ikigongwa sasa hutoa sauti ya kitu kilicho tupu ndani. Mwenye nyumba humwita fundi, fundi huchomeka bisibisi upande wa chini wa ubao, na bisibisi huzama hadi kwenye mpini. Ikifikia hapo, kinachobaki ni kubomoa na kuanza upya.

Baraza za aina hii zimeongezeka katika Kaunti ya Kilifi, kuanzia nyumba za kupangisha za Kikambala na Watamu hadi maboma ya bara ambako familia hupenda kukaa nje jioni kupunga upepo. Mafundi wengi huziita deki, neno linalowachekesha akina mama, kwa maana kwao deki ni ndoo na tambara. Liitwe jina lolote, ni sakafu ya mbao iliyoinuliwa, isiyo na paa, inayopigwa na jua, mvua na upepo wa chumvi, na bado inatakiwa kubeba watu. Ikiwa iko futi 3 kutoka ardhini na wageni 15 wameketi juu yake siku ya posa, mbao mbovu ni hatari ya mifupa kuvunjika, mbali na pesa zilizopotea.

Swali ambalo wateja huuliza kwanza ni moja: mti gani ni mzuri? Swali hilo lina upungufu, na boriti za Lamu zinaonyesha kwa nini.

Katika nyumba za kale za mawe za Lamu, dari hubebwa na boriti za mikoko. Vyumba vyenyewe ni vyembamba kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti iliyopatikana. Boriti hizo zimedumu vizazi vingi. Lakini mkazi akichukua boriti ya mkoko ule ule na kuichimbia ardhini nje ya nyumba, mchwa na kuvu huimaliza katika muda mfupi. Mti haukubadilika. Kilichobadilika ni maji. Kuvu wanaoozesha mbao hawawezi kufanya kazi kwenye mbao kavu. Huhitaji unyevu unaozidi takriban asilimia 20 ya uzito wa mbao. Chini ya dari ya chokaa unyevu huo haufiki. Kwenye baraza ya nje hufika kila msimu. Kwa hiyo swali lililo kamili ni: mti gani, utakaokaa sehemu gani ya baraza, na maji yatatokaje hapo?

Kiini na sehemu nyeupe

Gogo la mti wa kawaida likikatwa, huonekana sehemu mbili. Katikati kuna kiini, mara nyingi chenye rangi iliyokolea. Pembeni, karibu na gome, kuna duara la mbao nyeupe au njano hafifu. Wakati mti uko hai, duara hilo la nje ndilo hupitisha maji na kuhifadhi chakula. Kiini kimeshaacha kazi hiyo, na katika miti mingine kimejaa kemikali za asili ambazo wadudu na kuvu hawazipendi.

Jambo ambalo mnunuzi hapaswi kulisahau ni kwamba sehemu nyeupe haidumu nje, hata iwe ya mti gani. Sehemu nyeupe ya mvule ni chakula cha bungua kama ilivyo sehemu nyeupe ya mti wa bei ya chini. Muuzaji anaposema "hii ni mvule", anasema kweli, lakini ikiwa nusu ya ubao ni nyeupe, mteja amelipia mvule na kununua nusu yake. Kila ubao ugeuzwe pande zote nne kabla ya kupakiwa. Dakika 10 kwenye yadi ya mbao huokoa mengi.

Mnazi ndio unaoenda kinyume, na kwa kuwa minazi ni mingi pwani, ni vyema jambo hili lielezwe kwa kina. Mnazi hauna kiini. Ugumu wake uko nje, karibu na gome, na sehemu ya chini ya shina ni ngumu kuliko ya juu. Mbao za pembezoni huweza kufikia kilo 600 au zaidi kwa kila mita ya ujazo, huku za katikati zikiwa chini ya kilo 400, laini kama sifongo. Kwa hiyo mnazi mzee usiozaa tena hutoa mbao nzuri za kukanyagia, zenye madoa ya kahawia yanayopendeza, mradi fundi apasue akizunguka pembeni na kuiacha katikati. Ubao wa mnazi ambao ukucha wa kidole gumba unaweza kuutia alama usikubaliwe. Hata ule mgumu haufai kugusa udongo, kwa kuwa hauna kinga yake wa asili dhidi ya mchwa, na nje huhitaji dawa. Msumeno pia huumia: mbao za mnazi hula meno upesi, na fundi atadai malipo ya kunoa. Ana haki.

Miti inayopatikana

Mbambakofi ndio mti wenye sifa kubwa pwani. Milango mingi ya kuchongwa ilitengenezwa kwa mbao zake, na milango hiyo imekaa uso kwa uso na mvua na jua kwa muda mrefu. Muhuhu nao ni mgumu na huvumilia ardhi. Ubaya ni kwamba miti hii hukua polepole mno, na iliyobaki iko katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita 420 za mraba, na katika misitu ya kaya za Mijikenda, ambayo baadhi yake iliandikwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mbambakofi unaouzwa kwa bei nafuu usiku, bila karatasi, umetoka mahali. Ni vigumu kuona kwa nini baraza ya kunywea chai iangushe mti uliowaona mababu wanne, hasa ikiwa kuna mbao nyingine zinazofanya kazi hiyo.

Mojawapo ni mukau. Huu ni mti wa nchi kavu, unaojulikana sana Ukambani na maeneo ya Tana River, na unaweza kustawi katika sehemu kavu za bara ya pwani. Kiini chake kina rangi ya kahawia nyekundu, hupigwa randa vizuri na mchwa huuogopa. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya (KEFRI) imeshughulika na miche yake kwa miaka mingi, na mkulima anaweza kuvuna baada ya miaka 10 hadi 15 au zaidi kidogo, kulingana na mvua na udongo. Anayenunua aangalie umri: mukau mchanga una sehemu nyeupe nyingi.

Mwarobaini uko karibu kila boma. Mbao zake ni za kahawia nyekundu, zina uchungu ambao wadudu wengi huukwepa, na maseremala huutumia kwa samani. Kwa mbao za kukanyagia unafaa, ila mara nyingi shina huwa fupi na lililopinda, hivyo si rahisi kupata ubao ulionyooka wa futi 12. Baraza ndogo ya futi 6 kwa 8 inaweza kujengwa yote kwa mwarobaini wa shambani.

Mvinje ndio unaoonekana kando ya barabara zote, umerundikwa kama nguzo. Ni mti wa sifa zake: katika machimbo ya mawe ya Bamburi, upandaji ulipoanza mwaka 1971, mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache iliyokubali kuota kwenye mwamba mtupu. Lakini nguzo ya mvinje ikikauka hupasuka kwa urefu, maji huingia kwenye ufa, na ikichimbiwa ardhini bila dawa haidumu. Kwa jukwaa la ujenzi ni sawa. Kwa kubeba baraza ya familia, hapana.

Mwembe usipewe nafasi nje. Mgrevilea vilevile, ni mti mzuri kwa kazi za ndani, lakini bungua na kuvu huushambulia upesi ukilowa. Msaji, ambao wengine huuita mtiki, ni bora sana kwa baraza kwa sababu ya mafuta yake ya asili na kwa kuwa haujikunji, ila bei yake huufanya uwe wa wachache.

Paini, saiprasi na dawa ya kijani

Mbao nyingi katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni paini na saiprasi kutoka nyanda za juu. Zimenyooka, ni nyepesi, na hupatikana kwa vipimo vinavyojulikana. Paini isiyotiwa dawa ikiachwa nje haifiki mbali. Iliyotiwa dawa kwa shinikizo ndani ya tangi la kiwandani ni jambo jingine: dawa husukumwa ndani ya mbao, haipakwi juu.

Si kila ubao wa kijani umetiwa dawa hivyo. Jaribio ni rahisi. Kipande kikatwe katikati ya urefu, mbali na ncha, na uso wa mkato uangaliwe. Rangi ikiwa imeingia ndani kwa kina, dawa imefanya kazi. Ikiwa ni mstari mwembamba kama ganda la yai, ubao ulipakwa au kuchovywa tu. Muuzaji anayekataa kukata kipande amejibu swali.

Dawa inayotumika sana kwa nguzo huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Ni kinga imara dhidi ya mchwa, lakini aseniki ni sumu, na watengenezaji wa Marekani waliacha kuitumia kwa mbao za baraza za nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Njia ya busara ni kuiacha kwenye nguzo na mihimili ya chini, na kutumia mukau, mwarobaini, mnazi wa pembezoni au mbao zenye dawa isiyo na aseniki pale ambapo watoto hutambaa na watu hukanyaga pekupeku. Dawa za boraksi nazo zina kasoro yake: huyeyuka na kuondoka na mvua, kwa hiyo ni za paa na samani, si za nje.

Nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa ina tahadhari yake. Dawa huingia kwenye duara la nje pekee, kiini huikataa. Fundi akiichonga pembeni ili iwe ya mraba, ameitupa kinga yote kwenye takataka. Na kila mahali mbao zenye dawa zinapokatwa, ncha mpya ipakwe dawa ya brashi mara mbili kabla ya kufungwa, kwani hapo ndipo mlango umefunguliwa.

Oili chafu ya gari bado inapendwa na wengi kwa sababu haina gharama. Haiingii ndani ya mbao, huchafua miguu na nguo, na ikisombwa na mvua huelekea kwenye bustani au kisima.

Ubao mbichi ni deni

Kosa linaloharibu baraza nyingi ni kununua mbao nzuri zikiwa bado mbichi. Ubao mbichi wa inchi 6 una upana wa takriban milimita 152. Ukisinyaa asilimia 5 tu, hupungua karibu milimita 8. Fundi aliyeacha nafasi ya milimita 5 kati ya ubao na ubao atakuta, kaskazi ikishapiga, nafasi ya milimita 13. Kidole cha mtoto huingia hapo, na mguu wa kiti pia. Mbao zisizosinyaa sawasawa hujikunja, misumari huchomoka, na mtu hujikwaa.

Kukagua unyevu hakuhitaji mashine. Mnunuzi akate kipande cha futi moja, akipime kwenye mizani ya duka, aandike uzito, akiweke kivulini penye upepo na kukipima tena kila baada ya siku 3. Kipande kilichoanza na gramu 1,150 kikashuka hadi gramu 1,000 na kusimama hapo, kilikuwa na maji mengi ya kutoka. Kisichobadilika uzito kinafaa kujengewa. Mbao mbichi zipangwe juu ya matofali, kila tabaka litenganishwe kwa vijiti vya inchi moja, zifunikwe juu kwa mabati huku pande zikiwa wazi. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo mizuri kwa kazi hii. Anayetaka kujenga kabla ya masika anunue mbao mapema, si wiki moja kabla.

Pesa ziende wapi

Wateja wengi huweka pesa zote juu, kwenye mbao zinazoonekana, na kuacha chini kishikiliwe na chochote. Inapaswa kuwa kinyume. Ubao wa kukanyagia ukioza hung'olewa na kuwekwa mwingine kwa saa moja. Nguzo ikioza, baraza nzima hushuka.

Baraza ya futi 12 kwa 10 inaweza kutumika kama mfano. Mbao za kukanyagia za 6 kwa 1, zikilazwa kwa urefu wa futi 12 na kuachiwa nafasi ya robo inchi, zitakuwa 20, yaani futi 240. Ikiongezwa asilimia 10 kwa ajili ya mikato na mbao zitakazokataliwa, jumla ni futi 264. Kwa ubao wa unene wa inchi moja, mihimili ya kuzibeba isiachane kwa zaidi ya inchi 12 ikiwa ni paini; hiyo ni mihimili 13 ya futi 10, sawa na futi 130 za 6 kwa 2. Chini ya mihimili hiyo kuwe na mihimili mikuu 3, mmoja kila mwisho na mmoja katikati, ili hakuna mhimili unaoning'inia zaidi ya futi 5. Mhimili mkuu wa katikati ndio mafundi wenye haraka huuruka. Sakafu isiyo nao hunesa, na huko kunesa ndiko hufungua misumari.

Nguzo zisiingie ardhini kama inawezekana. Kitako cha zege kilichoinuka inchi 6 juu ya udongo, chenye kiatu cha chuma cha kushikia nguzo, huizuia isinywe maji, na mchwa wakitaka kupanda hulazimika kujenga njia yao ya udongo juu ya zege ambako itaonekana. Nafasi chini ya baraza iachwe wazi. Kuni, magunia na masalio ya mbao yakirundikwa hapo huwa ni kambi ya mchwa.

Karibu na bahari, chumvi hushambulia chuma zaidi kuliko mbao. Msumari wa kawaida hulika ndani ya mwaka mmoja au miwili na kuacha doa jeusi, hasa kwenye mbao zenye tanini kama mkaratusi. Skurubu za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, ni ghali, lakini kwa nyumba iliyo karibu na ufuo hakuna cha kuokoa hapo. Bara, kama Ganze na Kaloleni, skurubu zilizochovywa kwenye zinki ya moto zinatosha. Shimo litobolewe kwanza, hasa karibu na ncha ya ubao, la sivyo ubao hupasuka.

Karatasi

Mnunuzi anayo haki ya kuuliza mbao zilitoka wapi na kuomba stakabadhi. Mbao zinazosafirishwa kutoka shamba hadi mjini huhitaji kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka kwa Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS). Mkulima anayetaka kukata mti wake na kuupasua kwa ajili ya baraza yake aulize ofisi ya misitu iliyo karibu kabla ya kuita mwenye msumeno wa mnyororo, si baada ya lori kusimamishwa barabarani. Ushauri kuhusu aina za miti na miche hupatikana pia katika kituo cha KEFRI kilichoko Gede.

Baada ya kujenga, ubao hugeuka rangi ya kijivu katika miezi michache. Hilo ni jua tu, haliondoi nguvu. Dalili ya kuogopa ni ubao unaobaki na unyevu siku mbili baada ya mvua huku wenzake wamekauka, au unga mwembamba unaodondoka chini yake. Kila mwaka kabla ya masika majani yaliyojaa kati ya mbao yafagiliwe, na bisibisi ichomekwe pale ambapo nguzo hukutana na mhimili, maana maji hukaa kwenye maungio.

Masalio ya mbao zenye dawa ya kijani yasiende jikoni. Moshi wake una aseniki, na majivu yake ni sumu zaidi. Yasitumike kuchomea nyama, kukaushia samaki wala kutengenezea hori la mbuzi au banda la kuku. Vumbi la msumeno likusanywe juu ya turubai wakati wa kukata, na fundi afunike pua na kunawa mikono kabla ya kula.